Ripoti Yenye Jina Langu

"Usinishike, Gatwiri."

Wahome aliniambia hivyo mbele ya lango la kituo cha polisi, mama yake akisikia. Alikuwa amelala seli siku nne. Ndevu zimemwota, viatu havina kamba, na mimi mchumba wake nimesimama pale na chupa ya chai kama mgeni.

"Nisikize kidogo tu, Wahome."

"Nisikize nini? Ripoti iko na jina yako. Nilisomewa yote."

Ni kweli. Kazi yangu hapa Nyeri ni kukagua picha za satelaiti na kuonyesha wapi msitu wa mlima unakatwa. Wiki iliyopita niliona kipara chekundu kando ya mto, kule Tetu, nikajua papo hapo ni kwa kina Wahome.

Sheria ya ofisi ni moja: kabla hujatia sahihi, nenda ukaone kwa macho. Bosi wangu, Kathurima, aliniuliza, "Umefika huko?" Nikamjibu, "Nimefika." Muongo mkubwa mimi! Niliogopa nikienda huko wenzangu watasema ninamficha mchumba. Ripoti ikaenda polisi.

"Si ungenipigia simu?" Wahome aliuliza. "Mara moja tu!"

"Niliogopa utanibembeleza ninyamaze."

"Unyamazie nini? Hiyo ilikuwa mikaratusi yetu, Gatwiri! Babangu ndiye alipanda. Imekunywa chemchemi mpaka ikakauka. Niliitoa nipande mianzi na mikuyu, maji irudi. Jana ndio afisa wa misitu alifika shambani akaona visiki. Dakika kumi tu, akasema niachiliwe."

"Sikujua, mpenzi. Kwa picha, miti yote ni..."

"Picha hainijui. Wewe ulikuwa unanijua."

Nilimnyooshea ile chupa ya chai.

"Na hiyo miche ya mianzi na mikuyu?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

Mama yake ndiye aliyenijibu, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

"Imekauka, mwanangu. Nilijaribu kuchota maji, lakini huu mgongo wangu ulikataa."

Akapokea ile chupa ya chai, akanishukuru, akamshika mwanawe mkono wakaondoka.

Jioni meseji ikaingia: "Nimewaambia wazee wetu wasikuje kwenu Jumamosi. Sikuchukii. Lakini siwezi kuoa mtu anaogopa kuniuliza."

Nilimpigia mara sita. Hakushika. Basi nikampigia mama yangu kule Meru.

"Mama, wale wageni wa posa hawakuji."

"Ati nini? Na shangazi zako wameshafika, wako jikoni wanachambua maharagwe ya njahi! Huyo kijana amekufanyia nini? Niambie, nimpigie mimi mwenyewe!"

Nilisikia wakicheka huko nyuma, wakinitaja jina. Nikalia.

"Hajanifanyia kitu, Mama. Ni mimi nilimfanyia."