Kivuli cha Kushoto

Picha ilikuwa na vivuli. Kitanda kimoja kilionekana viwili, kabati moja mawili, na mtoto aliyelazwa mchana kule ghorofani alionekana pacha kwenye televisheni ya sebuleni.

"Kaka, hebu angalia hiyo kamera ya chumba cha mtoto," dada alisema. "Inanitisha."

Kaka yake, fundi wa televisheni, alicheka. "Ni waya tu. Picha ikifika mwisho wa waya isipopokewa sawasawa, inarudi ilikotoka, halafu inakuja tena imechelewa. Ndiyo maana kivuli hukaa kulia. Si jini, dada yangu, ni ubahili wa aliyekuuzia waya."

Mita peke yake haionyeshi kama waya wa video ni mzima, kwa hiyo alikuwa na njia yake. Alifunga rezista ya kuzungusha, kidude cha kumeza umeme usirudi, nyuma ya televisheni, akaizungusha taratibu. Kivuli cha kabati kikaingia kabatini, cha kitanda kitandani. Akaipima rezista: omu sabini na tano kamili, kipimo halisi cha waya wa video. Waya ulikuwa mzima.

Lakini kivuli kimoja kilibaki kando ya mtoto, upande wa kushoto.

"Na hicho?" dada alinong'ona.

Fundi alisogelea televisheni. Kivuli cha kushoto hakichelewi, kinatangulia. Kikaketi, mtoto akaketi. Kikashuka kitandani, mtoto naye akashuka, macho kayafumba. Kisha kikaenda dirishani, kikapanda, kikajirusha.

Fundi alipanda ngazi mbilimbili, akaingia chumbani mlimojaa harufu ya nywele zilizoungua, akamkuta mpwa wake ameshapandisha goti kwenye kizingiti cha dirisha lililo wazi, akamdaka kiunoni, akamkumbatia kwa nguvu zote, akalia kwa woga na furaha kwa pamoja.

"Nimempata!" aliita.

Dada hakushangilia. Sauti yake ilipanda ngazi kutoka sebuleni, ikiwa ndogo.

"Kaka, mweke mtoto chini. Nakuomba, mweke chini sasa hivi. Kipo kushoto kwako. Kina kimo chako, kimembeba mtoto, na... kaka, kimeshapita dirishani."

Fundi alitaka kumweka chini, Mungu ni shahidi. Mikono ilikataa. Alipotazama, mguu wake wa kulia ulikuwa tayari juu ya kizingiti.