Mita Mia Nne na Themanini

Jumamosi ile soko la Kataki, mjini Kalemie, lilikuwa limefurika. Akina mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, waliitana meza kwa meza, pikipiki zilipenya katikati ya mafungu ya muhogo, na Hénoc, mshonaji wa nguo za kwaya na za harusi, alikuwa akimpima mabega mzee mmoja mnene wa parokia pale msichana mgeni machoni pake aliposimama mbele ya mashini yake. Alivaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani na suruali nyeusi iliyopigwa pasi ikasimama mkunjo. Nywele zake alizisuka zote kwenda nyuma. Begani alibeba kitambaa cha nailoni cha rangi ya machungwa, kimeviringishwa kama mkeka.

"Papa mushonaji, nataka kitu cha mita tatu," alisema. "Huku mudomo mupana, kule mwisho mwembamba. Na pande zote mbili wazi."

Hénoc alikigeuza kitambaa, akamtazama. "Mama, hii ni suruali ya muguu mumoja. Mwenyewe ni muntu gani?"

"Upepo."

Mzee wa parokia akacheka, mabega yakamponyoka Hénoc mikononi. Msichana akaeleza bila haraka: yeye ni rubani, jina lake Bertille, anarusha ndege ndogo ya viti sita inayopeleka dawa na waganga wa hospitali vijijini. Mfuko ule hutundikwa juu ya nguzo kando ya uwanja ili rubani aone kutoka juu upepo unavuma kutoka wapi.

"Uwanja wa wapi?"

"Kaluwe. Kule juu kwenye milima ya Moba."

Hénoc aliiweka tepu yake chini. Kaluwe ni kwao. Baba yake, Papa Zacharie, mkulima wa viazi, ndiye aliyekuwa akikata majani ya uwanja ule tangu Hénoc akiwa mtoto. Alishona mfuko ule jioni ileile, akarudia kila mshono mara tatu, kisha akaupeleka mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Kalemie, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila siku saa kumi na moja jioni Bertille alipiga simu, na Hénoc akaacha sindano juu ya kitambaa.

"Nimefika, sheri."

"Umefika wapi?"

"Chini."

"Leo ulishuka wapi?"

"Karibu na Niemba, kisha Kabalo. Kabalo ni rahisi, uwanja ni murefu. Hata wewe ungeshuka."

"Mimi ningeshuka na mashini yangu ya kushona."

"Basi ungepita uwanja, ukashona ukuta wa kanisa, mupenzi wangu."

Hénoc alikuwa na fahari naye, wala hakuificha. Aliwaambia wateja kwamba mchumba wake hushuka kwenye viwanja vifupi kuliko barabara ya soko, na alimshonea gauni la kitenge cha buluu, mikono mifupi, kiuno kimebana. Jumapili walipopita ufukweni, wanawake waligeuka kutazama. Wazazi wa Bertille, watu wa Kalemie wa miaka mingi, walimpokea vizuri. Neno moja tu walilitaka: "Sasa tunangoja kusikia wakubwa wa kwako."

Siku ya Bertille kuonwa na wakubwa wa Kaluwe ikapangwa. Bertille alikuwa na dawa za kupeleka dispansèri ya Kaluwe, na mkubwa wake alimruhusu kubeba abiria wawili. Hénoc akapanda pamoja na Papa Prospère, mdogo wa baba yake, aliyevaa koti la rangi ya maziwa na viatu vilivyong'aa. Kule juu Papa Zacharie alikuwa amechinja mbuzi, na kwaya ilikuwa imejipanga tangu asubuhi.

Walikiona kijiji baada ya muda mfupi. Uwanja ulikuwa kipande cha majani kwenye mteremko, mita mia nne na themanini, na mwisho wake ulisimama mlima. Ndege ilipokaribia, Hénoc aliona vitambaa vya kwaya vikipepea. Aliona hata kofia ya baba yake. Halafu injini ikanguruma kwa nguvu, pua ikainuka, na Kaluwe ikapotea chini ya bawa.

Bertille alizunguka mara moja, akashuka tena kidogo, akatazama. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Tunarudi Kalemie."

"Tunarudi?" Papa Prospère alishika kiti cha mbele. "Wantu wamepika."

Bertille alikuwa ameshageuza pua kaskazini. Alirusha ndege yake hadi ziwa likaonekana.

Kalemie, mbele ya mafundi na wapakizi wa mizigo, Papa Prospère alisema kwamba tangu azaliwe hajaona mkwe anayefika mlangoni akageuka. Watu wakacheka. Hénoc aliona haya mpaka masikioni. Na katika haya ile akafungua kinywa.

"Kama uliogopa, Bertille, ungesema mapema. Tungepanda mashua."

Vicheko vikakoma. Bertille alivua miwani yake ya jua.

"Ule mufuko ulishona wewe mwenyewe," alisema. "Ulikuwa unaonyesha upepo uko nyuma yetu, na hukuuangalia. Uliangalia kwaya."

Akaondoka. Jioni ile saa kumi na moja simu haikulia. Kesho yake haikulia. Hénoc alipopiga, iliita hadi ikanyamaza. Alimtuma dada yake na ujumbe, ujumbe ukarudi haujafunguliwa. Wiki nzima alikosea mishono, na gauni la bibi harusi mmoja alilikata mikono miwili ya kushoto.

Mwishowe alifunga mashini, akapanda mashua ya injini hadi Moba, na kutoka Moba akapanda pikipiki ya kukodi kwenda milimani. Njia nzima alitunga maneno ya kumwombea msamaha baba yake.

Papa Zacharie alimpokea langoni. "Mukamwana wangu, yule rubani wako, yuko wapi?"

"Papa, nimekuja kuomba radhi. Mulimungoja, na yeye..."

"Radhi ya nini?" Mzee alimshika mkono. "Kuja."

Walitembea uwanja wote. Mzee alimwonyesha bati za dispansèri, kule ambako ndege hupita chini kabla ya kugusa majani. "Rubani akishapita hizi bati, hana tena nafasi ya kupanda. Mbele ni mulima. Kwa hiyo anaamua huku nyuma: naingia, ao siingii. Akichelewa kuamua, ameshaamuliwa." Walipanda hadi mwisho wa uwanja. Kulikuwa na msalaba mdogo wa chuma kandokando. "Huyu rubani aliona haya kurudi. Alikuwa amebeba mukubwa mumoja aliyekuwa na haraka. Upepo ulimusukuma kutoka nyuma, majani yalikuwa na maji, breki zikateleza. Wantu watatu walikufa. Wewe ulikuwa shuleni Moba."

Hénoc aliinama, akaugusa msalaba.

"Siku yenu mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na upepo uligeuka tukiwa tunaimba," mzee aliendelea. "Yule mutoto alipogeuza ndege, niliwaambia wantu wote: mumuone. Amebeba mwanangu na mudogo wangu, sisi wote tunamwita, na bado anajua kusema hapana. Nimefurahi mpaka nikala mbuzi kwa wantu wawili."

Usiku ule Hénoc hakulala vizuri.

Asubuhi baba yake alimweka mbele ya foni, redio ya dispansèri, ambayo vijiji vyote huisikiliza pamoja saa moja kabla ya ndege kuruka. "Leo ana safari ya kuja hapa. Nenda uangalie uwanja, kisha umwambie wewe."

Hénoc aliutembea uwanja kwa miguu. Majani ya mwanzo yalikuwa makavu, lakini juu, karibu na mlima, kisigino chake kilizama na maji yakajaa ndani ya kiatu. Alitamani mno ndege ije. Siku tisa hakuwa amesikia sauti yake. Akarudi, akabonyeza kitufe.

"Kalemie, hapa Kaluwe. Upepo mudogo, unatoka mulimani, muzuri. Lakini mita mia za mwisho zimelowa, kiatu kinazama. Usikuje leo."

Foni ilikwaruza. Kisha sauti yake. "Nani anasema?"

"Hénoc."

Bertille akajibu kama rubani. "Nimepokea. Sitakuja. Asante kwa kusema kweli."

"Bertille, kuko neno lingine."

"Kaluwe," mwanamume wa foni ya Moba aliingilia, "tunakusikia sisi wote."

"Sawa, musikie. Nilisema mbele ya wantu kwamba uliogopa. Nilisema uongo. Aliyeogopa ni mimi, niliogopa kuchekwa. Unisamehe."

Foni ilikoroma. Hakuna kijiji kilichothubutu kupumua. Halafu Bertille akasema, "Kesho, majani yakikauka, utaniambia tena upepo," akakata.

Kesho yake majani yalikauka. Saa nne wakasikia injini. Hénoc alisimama kando ya uwanja na sasa alijua la kutazama. Ndege ilikuja polepole, imenyooka, haipandi wala haishuki zaidi ya inavyotaka. Ilipita juu ya bati za dispansèri, na matairi yakagusa majani mwanzoni kabisa, karibu na mawe meupe ambayo baba yake aliyapanga kuwa alama. Ikapunguza mwendo, ikapanda mteremko, ikasimama. Mbele yake ulibaki uwanja wa kutosha kucheza mpira.

Wazee na wanakwaya walipiga makofi kama watu waliofanya kazi hiyo wao wenyewe. Mlango ukafunguka, akashuka Papa Prospère na koti lake la maziwa.

"Mimi nilijua siku ile kwamba amefanya vizuri," alitangaza.

"Njiani alinishika bega mara nne," alisema Bertille akishuka nyuma yake. Alikuwa na shati jeupe, lakini kiunoni alijifunga kitenge cha buluu, kama mkwe anayejua anakokwenda. Kwanza alipiga goti kidogo, akamsalimu Papa Zacharie. Kisha akamgeukia Hénoc.

"Bertille," Hénoc alisema, kwa sauti ambayo kwaya yote iliisikia, "nataka unioe... nataka nikuoe. Mbele ya hawa."

Watu wakacheka. Bertille hakucheka.

"Na siku nyingine nikigeuza ndege, wakubwa wakiwa wamepika, utawaambia nini?"

"Nitawaambia muke wangu amesema hapana, na chakula kitangoja."

Alimtazama kwa muda, akipima, kama anavyopima uwanja.

"Basi naingia," alisema, akampa mkono wake mbele ya kijiji kizima, na Papa Zacharie akavua kofia.