Kidole Kidogo cha Maître Sylvestre

Wanafunzi walikuwa sita na magitaa sita, na gamu ya do, noti zikipanda moja moja, ilipofika mwisho wote walinyanyua vidole pamoja, ila gitaa moja lilichelewa kunyamaza. Maître Sylvestre aliwatazama. Mikono yote ilikuwa imetulia. Alikohoa, akawaambia warudie, maana mwalimu akianza kuuliza maswali ya namna hiyo mbele ya wanafunzi, heshima yake inakwenda na maji.

Ilikuwa miaka ile barabara ya Fataki ilipofunguka tena baada ya vita, mchana tu, na watu wa Bunia walianza kununua vitu visivyo vya lazima, kama nyuzi za gitaa. Sylvestre alifundisha katika chumba kilicho nyuma ya kanisa dogo la Mudzi-Pela, na kila Jumapili ndiye aliyepiga gitaa la solo ibadani, ameketi mbele ya wote. Kiti hicho cha mbele alikipenda kupita kiasi. Kwa ajili yake alifanya jambo ambalo hata akiwa peke yake hakupenda kulifikiria.

Jambo lenyewe lilimhusu Joyeuse, mmoja wa wale sita, binti wa mama muuza samaki wa Tchomia. Joyeuse alishika mambo haraka mno. Wimbo ukianzwa kwa do, yeye aliuhamishia re bila kumwuliza mtu. Basi walipofika kwenye zile noti zinazofuatana mbili mbili, do na mi, re na fa, mi na sol, zile zinazoufanya muziki wa Kongo utembee, Sylvestre alimfundisha vibaya kwa makusudi. Gumba linatakiwa likae nyuma ya shingo ya gitaa, kiganja kiwe wazi, kidole cha shahada kishike mi na kidole kidogo kiende kuchukua sol. Yeye alimwambia aikumbatie shingo kwa gumba na avute kidole cha pete mpaka kifike. Alipopiga mwenyewe, aligeukia ukuta.

"Maître, mukono inauma," Joyeuse alimwambia siku moja. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. "Hapa, ndani ya mufupa."

"Fanya tu exercice. Itazoea."

Alijibu huku akitazama viatu vyake. Aliona haya, lakini hofu ya kukosa kiti ilikuwa na nguvu zaidi.

Alasiri moja ya mvua, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda, alikuwa akiegesha magitaa ukutani aliposikia harufu ya kutu, ile inayobaki vidoleni mtu akipiga nyuzi kuukuu. Kisha moja la magitaa hayo, lile la pembeni, ambalo hakuna aliyeligusa, lilipiga do na mi. Likapiga re na fa. Likapiga mi, likanyamaza. Sylvestre alisimama akiwa bado ameshika kitambaa cha kufutia vumbi, na mvua ikipiga mabati, na harufu ile ikimjaa puani, akasikia gitaa likianza upya, do na mi, re na fa, mi, uzi ukikwaruza kwa mkono uliokaa vibaya, kisha kimya, kimya cha mwanafunzi anayesubiri aonyeshwe, na hapo ndipo alipoelewa kwamba kilichokuwa kwenye kona ile kilikuwa kimehudhuria masomo yake yote, na somo kililojifunza ni lile baya la Joyeuse.

Alikimbia kwa Mama Dorothée, mama wa maombi, nguo zikiwa zimelowa. Mama yule alimshika mkono wa kushoto, akaunusa.

"Iyo kitu haikukuja kukuua," alisema polepole. "Ilikuja kusoma. Kuko mutu ulimufundisha mubaya?"

Sylvestre aliuvuta mkono wake, akauficha mfukoni.

"Basi siku ya dimanche, kanisani mbele ya watu yote, sema ile ulifanya. Kisha umuonyeshe vizuri. Itatoka."

"Mama, mbele ya watu yote?"

"Mbele ya watu yote. Na mupigo ya kweli, usiionyeshe ile kitu. Hata ikulilie. Ukionyesha, itabeba."

Usiku kucha aliwaza nyuso: wazee wa kanisa, wanakwaya, na mama yake Joyeuse kwenye benchi la pili, mikono ikinuka samaki, mama aliyemwita yeye mzazi wa pili wa binti yake. Hapana. Afadhali kufa. Jumamosi mchana akaingia peke yake katika chumba kile, akajifungia, akachukua gitaa lake. Gitaa la pembeni lilipiga mpaka mi, likasubiri. Safari hii hakugeukia ukuta. Alishusha gumba, akafungua kiganja, akapeleka kidole kidogo kwenye sol taratibu, akarudia, kama anavyofundisha mwalimu mwenye moyo safi.

Gitaa la pembeni likapiga mi na sol, safi kabisa. Harufu ya kutu ikakatika. Sylvestre akapumua, kisha akajichukia.

Kesho yake Joyeuse alikuja kanisani amefunga mkono kwa kitambaa. Ibada ilikuwa haijaanza. Aibu ikamshinda Sylvestre, akamwita. "Kuja nikuonyeshe kitu."

Akaweka mkono kwenye shingo ya gitaa. Gumba likapanda juu lenyewe. Kidole kidogo kikajikunja kiganjani na hakikukubali kufunguka. Alilazimisha kidole cha pete, uzi ukakwaruza, na mabenchi ya mbele yote yakasikia.

Joyeuse alimtazama kwa huruma. "Maître, kumbe na weye walikufundisha mubaya?"

Mlango wa kuungama ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu lilitosha.

"Ndiyo," Sylvestre alijibu. "Walinifundisha vile."

Hapo, kutoka chumba cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu, gitaa likaanza. Do na mi, re na fa, mi na sol, likaendelea kupanda, tamu hata wazee wakageuza shingo. Joyeuse alisimama.

"Kuko mutu kule anajua," alisema. "Miye naenda. Anifundishe."

Sylvestre alifungua kinywa amzuie, lakini ili amzuie ilimpasa aseme sababu, na mama muuza samaki alikuwa ameshaketi kwenye benchi la pili akimtabasamia. Joyeuse akachukua gitaa kwa mkono wake mzima, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sylvestre akainama akajifanya anakaza nyuzi.

Muziki ulinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mgeni akae. Kisha magitaa mawili yakaanza do.