Vidoa vya Damu Moja

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia baba yake kupanga mikate kwenye makreti. Baba alikuwa mwoka mikate, na binti huyo alibandikwa jina la Chiriku, ndege mwenye kelele, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi nyingi damu ilimtoka baba puani. Aliinua kichwa, akaziba pua kwa kitambaa na kusema, "Joto la tanuri hilo, mwanangu," kisha kazi ikaendelea.

Midomo ya baba ilikuwa na vidoa vyekundu, vidogo kama vichwa vya pini. Wateja walimtania kwamba ameonja mkate ungali motoni. Chiriku alivizoea, mpaka siku alipojitazama kwenye kioo akaona kidoa kama hicho mdomoni mwake. Kikaja kingine kwenye ulimi, kisha kwenye ncha ya kidole. Damu nayo ikaanza kumtoka puani.

Hakumwambia mtu. Aliongoza kwaya ya shule, na aliogopa wenzake wangesema atawaambukiza. Alifua vitambaa vyake kwa siri, akavianika nyuma ya magunia ya unga.

Siku moja ya mazoezi, pumzi ilimkatika katikati ya wimbo. Akaketi sakafuni. Mwalimu wa kwaya akalivuta chini kope la jicho lake. Ndani palikuwa peupe, kama pasipo na damu.

"Unaumwa, Chiriku?"

"Hapana, mwalimu. Sikulala vizuri tu."

"Mbona jicho lako linasema mengine?"

Machozi yakamlengalenga. Akasema yote.

Mwalimu akamwita baba, na wiki hiyohiyo baba na binti waliketi mbele ya daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Baba alikuwa bado na unga kwenye nyusi.

"Na wewe, baba, hivyo vidoa vyako vya mdomoni?" daktari aliuliza.

"Ni joto la tanuri tu, daktari."

"Kwani na mtoto huwa unamwoka?"

Baba akacheka, halafu akageuka kuutazama mdomo wa binti yake.

Daktari alikandamiza kidoa cha Chiriku kwa kipande cha kioo. Kikafifia, kikatoweka. Alipoondoa kioo, wekundu ukarudi taratibu.

"Kimerudi!" Chiriku alisema, hofu yote imemtoka.

"Ni damu yako inapita. Tazama hapa."

Kwenye skrini ya darubini yake kidoa kilikuzwa mpaka kikawa kama ua: vijishipa vyembamba kuliko unywele, vimejikunja na kusokotana. Kisha daktari akakuza kidoa cha mdomoni mwa baba. Ua lilelile!

"Haya hayaambukizi," daktari alieleza. "Ni hali adimu ya mishipa, mtoto huirithi kwa mzazi. Kuta za mishipa hii ni nyepesi, ndiyo maana inavuja. Mingine hujificha hata mapafuni, kwa hiyo mtapimwa wote wawili. Chiriku atapata dawa ya kuongeza damu. Na pua ikitoka damu msiinue kichwa. Inameni mbele, mbane pua, mpumue kwa mdomo."

Baba alikuwa akitazama mbali. "Marehemu mama yangu alikuwa na vidoa hivi," alisema polepole. "Tulidhani ni urembo."

Nje ya chumba alimpigia simu dada yake.

"Dada, una vidoa vyekundu mdomoni?"

"Ninavyo tangu usichana," shangazi alijibu. "Navifunika kwa rangi ya mdomo. Nani kakwambia?"

Vipimo vilifanyika, na shangazi akaja naye kupimwa. Dawa ikamrudishia Chiriku nguvu, naye akarudi kuongoza kwaya kwa pumzi ndefu.

Jioni moja baba aliwaketisha wote wawili, binti na shangazi.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Sisi damu yetu ni moja, lakini kila mmoja alikuwa akiifuta peke yake. Aliyesema kweli kwanza ni huyu mdogo wetu, na kwa kinywa chake tumepona hofu sote."