Taa ya Njia ya Jikoni

Kila jioni Lanuola alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kukumbushwa: kufuta vumbi kwenye kandili ya marehemu babu yake. Nyumba yao kisiwani Savai'i, huko Samoa, ilikuwa nguzo na paa tu, haina kuta, na jiko lilikuwa mbali nyuma ya migomba. Miaka yote Babu Aperamo ndiye aliyeshika kandili ile, akimsindikiza Bibi kwenda jikoni na kurudi. Tangu afariki, Bibi hakukanyaga njia ile giza likishaingia. Hakukuwa tena na birika la koko, kinywaji chao cha kakao ya moto, baada ya chakula cha usiku, na Lanuola aliikumbuka harufu yake mpaka moyo ukamuuma.

Ndipo Mjomba Falaniko, fundi umeme wa Apia, mji wa kisiwa cha pili, akaja na begi lake la kazi.

"Mama, nakufungia taa moja njiani yenye swichi mbili," alisema. "Moja hapa kwenye nguzo, nyingine jikoni. Unawasha huku, unazimia kule."

"Taa moja, mabwana wawili?" Bibi akaguna. "Si watagombana?"

"Hawagombani. Yeyote akibonyeza, iliyowaka inazimika, iliyozimika inawaka."

Bibi alitazama njia ya migombani.

Mjomba alizima umeme wote, akafunga swichi ya nguzoni, kisha akahamia jikoni na Lanuola akimshikia bisibisi. Kwenye ukuta wa jiko zilichomoza nyaya tatu, zote nyekundu. Mara kengele ya sala ikalia. Kijijini kwao kengele hiyo ikilia kila kazi inasimama, na anayeonekana nje ana kesi na wazee. Mjomba aliminya waya mmoja haraka.

"Lanu, huu ndio wa katikati, unaokwenda kwenye taa. Kichwa chako ndicho daftari langu. Usisahau!"

Wakaenda nyumbani, wakaimba, Bibi akaomba sala ndefu kama kawaida yake. Waliporudi, nyaya zilikuwa zimerudi ndani ya tundu na kuchanganyikana.

"Haya, upi?"

Lanuola alizitazama. Zilifanana kama pacha. Alijua kabisa kwamba hajui, lakini Mjomba alikuwa akimtazama kwa imani kubwa, na kesho alfajiri anapanda kivuko kurudi Apia.

"Huu," alisema.

Umeme uliporudishwa, taa iliwaka. Walipiga makofi. Bibi akajikaza, akaenda jikoni mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na baada ya muda harufu ya koko ikaja.

"Nazima huku!" aliita kwa furaha. "Lanu, niwashie huko!"

Njia ikawa giza. Lanuola alibonyeza swichi ya nguzoni. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena na tena. Huko migombani nyayo za Bibi, aliyekwisha kutoka jikoni, zilisita.

"Aperamo?" sauti yake ilisema, ndogo sana. "Upo wapi?"

Lanuola alitokwa na machozi. Alichukua kandili ya babu, akaiwasha, akakimbia hadi alipomkuta Bibi amekumbatia birika. Mjomba akawafuata mbio.

"Bibi, ni mimi niliyeharibu! Nilisahau waya, nikakisia. Mjomba, nilikudanganya."

Mjomba alishusha pumzi. "Lo, Lanu! Ndiyo maana ukizima jikoni, swichi ya nguzoni haiwashi. Ungesema umesahau, ningezipima tu, kipimo kiko kwenye begi. Na mimi nilikosea kukutwika kazi yangu." Alikwenda kuzima umeme, na Lanuola akamshikia kandili mpaka kila waya ulipokaa mahali pake.

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu.

"Unajua kwa nini nilimfuata babu yako gizani bila hofu? Akifika mahali asipopajua, alisimama na kuniambia, 'Hapa sipajui.' Hakukisia hata siku moja, na mimi nyuma yake nikawa salama. Usipojua jambo, sema hujui. Kuna mtu anatembea nyuma yako."

"Sitarudia, Bibi."

Umeme ulirudi. Bibi aliwasha taa jikoni, akapita migombani polepole na birika lake, akafika kwenye nguzo, akazima. Kisha akawasha tena, akaitazama njia tupu kwa muda mrefu.

"Iacheni kidogo," alisema, akaanza kumimina koko. Walikuwa watatu, lakini alimimina vikombe vinne, cha nne akakiweka kando ya kandili ya babu.