Chumba cha Vioo: Alikitaka Nani?

"Kama wewe unakipenda, mimi sina neno," alisema Maxine, huku akisugua sufuria iliyokuwa imeshatakata zamani.

Neville, mumewe, akatabasamu, akakusanya picha zake za chumba cha vioo alichotaka kukijenga nyuma ya nyumba, na kwenda kumpigia simu mtu wa benki. Mke kasema hana neno, mume kasikia ndiyo. Watu wa Kettering, mji wao, wanaoana hivyo na kuzikana hivyo, wala hawaoni ajabu.

Neno Maxine alikuwa nalo, tena zito. Deni la nyumba lilikuwa linaelekea kwisha, na siku hiyo aliisubiri kimoyomoyo. Nyumba ikishakuwa yao kabisa, angemwambia Neville kwamba amechoka, waiuze, wagawane, kila mtu ashike njia yake. Dada yake Janice, mjane anayeishi Whitby kule pwani, alikuwa ameshamtayarishia chumba. Sasa huyu bwana anataka kuiweka nyumba rehani upya, waanze kulipa tena mpaka uzeeni, kisa chumba cha kukalia na kutazama mvua!

Tangu hapo hakutulia. Alipanda ngazi akasahau alichofuata juu, akashuka. Alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Alipokuja mthamini wa nyumba alimkaribisha chai na biskuti, akamchekea vizuri, kisha akaenda kujifungia bafuni akalia. Mafundi nao wakaja kupima, wakapigilia vigingi na kuzungushia kamba pale bustanini, karibu na viti vyake viwili vya plastiki. Maxine akawauliza kama wanatumia sukari.

Jumamosi ya kusaini ilipofika, Janice alituma ujumbe: "Ukisaini umejifunga. Mwambie leo. Treni za jioni zipo."

"Nitamwambia," alijibu. Jibu hilo alikuwa analirudia tangu kiangazi. Ila safari hii begi lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango wa chumba cha wageni.

Hati ya rehani inataka shahidi, na shahidi asiwe ndugu. Neville akamwita Beryl, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo ambaye mdomo wake hauna breki. Beryl alivaa miwani, akashika kalamu, akaisogeza kwa Maxine.

"Haya, mwenye ndoto yake aanze."

"Ndoto ya nani?"

"Yako, bibie. Neville kanihadithia yote. Ile siku ulipokuja kukiona chumba changu cha vioo nilipomaliza kujenga, si ulisema ungekuwa na chumba kama kile usingetoka humo maisha?"

Maxine alikumbuka. Alikuwa amekatiwa kipande cha keki, mwenye nyumba amemkodolea macho. Angesema nini?

"Beryl, nilisema kwa adabu tu. Nilikuwa natiririka jasho."

Beryl akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Hata mimi sikai humo, mwenzangu. Kiangazi ni tanuri, baridi ikija ni friji. Naanikia nguo."

Maxine naye alitaka kucheka, lakini akamwona mumewe. Neville alikuwa anaitazama meza tu.

"Usingetoka humo," alisema Neville taratibu. "Hilo ndilo nililolishika mimi. Nimeliona begi, Max."

Beryl akaiweka kalamu chini. Akasema anadhani ameacha birika jikoni, akaondoka bila hata kulifunga koti.

Maxine akamgeukia. "Umeliona lini?"

"Kabla sijaleta zile picha. Ulikuwa umeanza kupanga sweta zako."

"Na hukuniuliza?"

"Niliogopa ungenijibu."

Maxine akavuta pumzi. Sasa au basi.

"Naondoka leo jioni, Neville. Kila siku ukimaliza kula unaingia kwenye kibanda chako na maredio yako mabovu. Mimi nakaa pale nje na viti viwili. Kimoja nakiwekea magazeti."

"Nilidhani unapenda kukaa peke yako."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Nilikuuliza, nikienda kibandani utachukia? Ukasema huna neno."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Alisema hivyo, akatabasamu, kisha akamnunia miaka na miaka kwa vile Neville alimwamini.

"Ninalo," alisema Maxine. "Ninayo mengi. Sikitaki hicho chumba. Sitaki kuanza deni upya. Na sijui kama nakutaka wewe. Huo ndio ukweli."

Neville akainuka. Aliikunja hati ambayo hakuna aliyeisaini, akaisukumiza chini ya buli, akatoka nje. Maxine alimtazama dirishani. Alikwenda moja kwa moja kuelekea kibandani, na Maxine akasema moyoni basi, ndiyo mwisho wetu. Lakini Neville aliishia kwenye kamba ya mafundi. Akang'oa kigingi kimoja, akang'oa kingine, mpaka akavimaliza. Kisha akayaondoa magazeti kwenye kile kiti, akakifuta kwa mkono wa sweta lake, akakaa. Manyunyu yakaanza.

Begi lilikuwa juu. Maxine alisimama pale jikoni akiwa hajui aende huku au kule, halafu akamimina chai vikombe viwili, akajitupia koti na kutoka.

"Utaloa," alimwambia.

"Mimi sina..." Neville akajizuia. Akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili. "Nasikia baridi, Max. Baridi kali. Lakini nataka tukae hapa, uniambie hayo mengine."

Maxine akakaa. Simu ikatetemeka mfukoni, ni Janice: "Umepanda treni ipi?"

Akaandika kwa kidole kilicholowa: "Leo siji. Tunaongea."