Kimo cha Jael

Jumamosi hiyo soko la Kawangware lilikuwa limefurika watu, na kiti cha gari kilikuwa kikipita juu ya vichwa vyao. Kona yake ilimpata Jael begani. Akageuka na mafungu ya sukuma wiki aliyonunua, matusi yakiwa mdomoni, akakuta chini ya kiti kijana mrefu kama mlingoti, shati lake la bluu limepigwa pasi na kulowa jasho.

"Gari umeliacha wapi?" akamuuliza.

"Hii si ya gari. Ni ya ndege."

"Basi tua polepole, rubani. Usiniharibie mboga."

Kijana huyo, Mbuthia, alicheka mpaka kiti kikayumba, na hakuondoka bila namba ya simu ya Jael. Jael hakumwambia siku hiyo kwamba tangu utotoni alitaka kurusha ndege. Huko Silanga, alikouza mboga na mamake, ndoto hiyo ilikuwa imechekwa vya kutosha.

Mapenzi hayakukawia. Mbuthia akampeleka Kabiro, kwenye ploti ya babake, alikokuwa amejenga chumba cha rubani kwa mbao: usukani, dashibodi, televisheni kubwa ya kuonyesha barabara ya ndege, na kile kiti, kimekazwa sakafuni kwa nati. Wapangaji walijaa mlangoni kutazama. Jael alipokaa aliona dashibodi na mawingu basi, kwa kuwa yeye ni mfupi na kiti kilipimiwa kimo cha Mbuthia. Wapangaji wakaangua kicheko.

Aliporudi siku nyingine, barabara ilionekana yote. Akadhani amejua kukaa. Kumbe Mbuthia alikuwa ameinamisha picha kwenye kompyuta ili barabara ijitokeze juu ya dashibodi, na hakumwambia. Jael akajifunza kutua mpaka mlangoni wakanyamaza. Kila jioni Mbuthia alipiga simu.

"Umekula, kapteni wangu?"

"Kapteni hajipakulii. Njoo umpakulie."

Kisha chuo kimoja cha urubani kikatangaza nafasi moja ya bure kwa msichana atakayetua vizuri kwenye mashine yao ya mazoezi. Jael alivaa blauzi nyeupe ya dadake na suruali nyeusi, akaenda kifua mbele. Lakini huko picha ilikuwa imenyooka. Kwa macho yaliyozoea ile ya Kabiro, pua ya ndege ilionekana imepanda mno. Akaishusha, akagonga barabara kwa pua.

Mwalimu, mama mmoja mkali aliyeitwa Wayua, hakucheka. Alimuuliza alijifunzia wapi, kisha akamwonyesha shanga mbili mbele ya kioo, moja nyuma ya nyingine. Rubani hupandisha au kushusha kiti mpaka ushanga mwekundu ufunike mweupe. Hapo jicho liko mahali pake, awe mrefu awe mfupi.

"Macho yako yamezoea picha iliyopinda," akasema. "Kainyooshe, urudi Ijumaa."

Jael alipiga simu akiwa bado getini.

"Uliinamisha ile picha?"

"Nilitaka tu uone, babe. Ningekuwekea mto wangekucheka."

"Wangenicheka mimi, ama wangekucheka wewe na dem wako mfupi?"

Jael akapaza sauti.

"Mimi ni mfupi, Mbuthia, na sijawahi omba mtu msamaha juu ya hiyo. Ungeinua kiti." Akakata.

Simu zake hakuzishika tena. Alilia, kwa sababu alimpenda, na kumpenda huko ndiko kulikozidi kumkasirisha. Jumatano akaazima spana, akaenda Kabiro mwenyewe. Mkononi alikuwa na bangili ya shanga aliyonunuliwa na Mbuthia, amrudishie. Alimkuta ameketi sakafuni kando ya kiti. Picha alikuwa ameshainyoosha. Nati alikuwa amezipaka mafuta, ila hakuzifungua.

"Mbona hujafungua?"

"Nilikuwa nangoja nikuulize unaitaka wapi."

Jael alijaribu kushikilia hasira yake, ikamponyoka. Akakata uzi wa bangili, akachagua ushanga mwekundu na mweupe, wakazitunga kwenye waya mbele ya televisheni. Mbuthia akakaa kwanza, wakazipanga mpaka akaona mwekundu umefunika mweupe, kisha akampisha. Mbuthia akafungua nati kwa ile spana, akawa anaweka vipande vya mbao chini ya kiti, kimoja kimoja, akiuliza, "Hapa?" na Jael akijibu, "Bado." Wapangaji walipokuja kucheka, Jael aliwaambia waingie washike kiti. Wakaingia, wakashika.

Ijumaa, pale chuoni, alivuta wenzo wa kiti mwenyewe, akapanda mpaka ushanga mweupe ukapotea. Barabara ikaja ilivyo, naye akatua. Wayua akamwambia nafasi ni yake, waonane Jumatatu darasani.

Nje ya geti akapiga simu. "Nimepita."

Mbuthia alipiga kelele ploti nzima ikasikia. Kisha sauti ikashuka. "Jael, naweza kukuuliza kitu ingine?"

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Jael aliufuta uso kwa mkono wa blauzi ya dadake.

"Nakubali. Lakini kioo cha nyumba yetu kitatundikwa kwa kimo changu. Wewe ndiye utainama."